Ole Gilisho na Shauri la Laikipia

Wateso wa Merikit, katika wilaya ya Tororo, wanao ndugu zao ng'ambo ya Malaba ambao ni raia wa nchi nyingine kwa sababu ya mpaka uliowekwa na watu ambao hawakuwauliza. Mpaka huo ulipata nguvu tarehe 1 Aprili 1902, pale Serikali ya Uingereza ilipolimega Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kabla ya siku hiyo Naivasha, Nakuru na Kisumu zilihesabiwa kuwa Uganda, na maofisa waliokaa huko walipeleka taarifa zao Entebbe. Hivyo Parsaloi Ole Gilisho, ambaye habari za maisha yake ndizo tunazozisimulia leo, alipata kuwa mtu wa himaya ile ile moja na watu wa Tororo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kujua habari hizo. Aliijua nyasi, maji na ng'ombe.

Ole Gilisho alikuwa Mmasai wa Purko, mojawapo ya makundi makubwa ya Wamasai. Waingereza walishindwa kulitamka jina lake, wakaliandika Legalishu, na ndivyo linavyosomeka katika majalada yao hata leo. Alikulia katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, miaka iliyokuwa mibaya kwa watu wake. Sotoka iliingia kama mwaka 1890 ikafyeka ng'ombe, ndui ikafuata ikafyeka watu, kisha Wamasai wenyewe wakapigana wao kwa wao, wengine wakimfuata Olonana na wengine ndugu yake Senteu, wana wawili wa yule laibon mkuu Mbatian. Olonana alitafuta msaada kwa Waingereza akaupata. Msaada wa namna hiyo una bei yake, na bei ililipwa na watu wengi ambao hawakuwapo wakati wa mapatano.

Rika la Ole Gilisho liliitwa Il-Talala, na wenzake wakamchagua awe olaiguenani wao. Cheo hiki yafaa kielezwe, kwa maana Waingereza hawakukifahamu, na kutokufahamu kwao kulikuja kuwa jambo kubwa mahakamani. Katika chuo cha kadeti tunafundishwa kwamba amri hushuka kutoka juu kwenda chini. Cheo cha olaiguenani kilikuwa kikipanda kutoka chini kwenda juu. Vijana wa rika moja humtafuta mwenzao asiye na kasoro ya mwili wala ya tabia, mwenye ulimi wa kupatanisha, wakamtwika mzigo wa kuwasemea. Hana uwezo wa kuuza ardhi ya watu, wala ya kuwahamisha. Akitaka jambo lao liwe, lazima kwanza wakae, wanene, wakubaliane. Waingereza walimwita chifu kwa kuwa walihitaji mtu wa kutia alama katika karatasi.

Karatasi ya kwanza ilikuja Agosti 1904. Reli ilikwisha kufika Kisumu, na Serikali ilitaka walowezi wa Kizungu walime kando ya reli ili ipate mizigo ya kuibeba. Lord Delamere alikuwa amepewa eka 100,000 huko Njoro, na kampuni iliyoitwa East Africa Syndicate ilikuwa imeahidiwa maili 500 za mraba katika Bonde la Ufa. Wakuu wa Kizungu wenyewe waligombana juu ya ugawaji huo hata Kamishna Sir Charles Eliot akajiuzulu mwaka huo huo. Aliyemfuata, Sir Donald Stewart, ndiye aliyefunga mkataba na Olonana na viongozi wengine, Ole Gilisho akiwa mmoja wao. Wamasai waliacha malisho ya Naivasha na Nakuru, nao wakapewa sehemu mbili: moja kusini ya reli, na moja kaskazini, juu ya nyanda za Laikipia. Mkataba ulisema kwamba sehemu hizo zitakuwa zao kwa muda wote ambao kabila la Wamasai litakuwapo duniani, na kwamba walowezi hawataruhusiwa kuziingia. Iliahidiwa pia njia ya kupitisha mifugo kati ya sehemu hizo mbili.

Ahadi hiyo ya milele ilidumu miaka saba.

Ole Gilisho alihamia Laikipia pamoja na Wapurko, na ng'ombe wakazaana wakawa wengi kuliko walivyokuwa kabla ya sotoka. Laikipia ni nchi ya juu, yenye baridi ya kiasi, maji ya kudumu na nyasi tamu. Walowezi nao walikuwa na macho. Mwaka 1909 alikuja Gavana mpya, Sir Percy Girouard, mzaliwa wa Kanada na afisa wa kikosi cha wahandisi, aliyepata sifa kwa kujenga reli ya jeshi huko Sudan. Alikuwa mtu wa kazi, wa kupanga na kutekeleza, na mpango wake ulikuwa kuwakusanya Wamasai wote kusini na kuiacha Laikipia wazi. Mapema mwaka 1910 watu walikwisha kuanza kuondoshwa, hata London ikatuma amri kusimamisha jambo hilo mpaka Wamasai wenyewe wakubali. Wazee walipelekwa kutazama nchi ya kusini. Waliporudi, Ole Gilisho akawa mbele ya wale waliosema kwamba nchi ile haitoshi na maji yake ni haba, na kwamba sehemu nyingine zina maradhi ya mifugo.

Kisha Olonana akafa, tarehe 7 Machi 1911. Maofisa walitangaza kwamba kabla ya kukata roho aliwausia watu wake wamtii Gavana na kuhamia kusini. Maneno ya marehemu hayana mtu wa kuyahoji, na mimi nayaacha hapo. Tarehe 4 Aprili mwaka huo, chini ya mwezi mmoja baada ya msiba, mkataba wa pili ulitiwa alama. Wa kwanza kutia alama alikuwa Seggi, mwana wa Olonana, aliyekuwa bado kijana. Ole Gilisho naye alitia alama yake. Alikuwa amekataa kwa muda mrefu, na alipokubali, alikubali chini ya shinikizo, huku mashauri yote yakiwa yamekwisha kufanywa pasipo yeye.

Uhamisho ulianza katikati ya mwaka 1911 nao ukaharibika upesi. Makundi ya ng'ombe na kondoo yalisongamana katika njia za milima ya Mau, mvua ikanyesha, baridi ikawa kali. Wazee, watoto na mifugo walikufa njiani, na Serikali ikalazimika kuwasimamisha. Katika kituo hiki Ole Gilisho alifanya jambo ambalo lilikuwa geni kabisa kwa kiongozi wa morani. Vijana wake walikuwa na mikuki, na wapo waliotaka kuitumia. Yeye aliutafuta msaada wa wakili.

Hakuwa peke yake katika jambo hilo. Daktari mmoja wa Serikali, Norman Leys, aliandika barua nyingi kwenda Uingereza akiwaeleza wakubwa na marafiki zake kinachotendeka, na kwa kazi hiyo alihamishwa kwa nguvu kupelekwa Nyasaland mwaka 1913. Wakili aliyepatikana Nairobi aliitwa Alexander Morrison. Ada ilikuwa ya kupatikana kwa kuuza ng'ombe. Mwaka 1912 shauri likafunguliwa katika Mahakama Kuu ya Himaya. Mdai wa kwanza aliandikwa Ol le Njogo, ambalo nalo ni jina lililoharibiwa, kwa kuwa mwenyewe aliitwa Murket Ole Nchoko. Pamoja naye walikuwa wadai wengine saba. Walioshitakiwa walikuwa Mwanasheria Mkuu na watu wengine 20. Jina la Ole Gilisho halikutangulia katika madai, lakini hapakuwa na mtu Nairobi aliyekuwa na shaka juu ya nani aliyekuwa nguzo ya jambo hilo.

Madai yao yalikuwa rahisi kueleweka. Mkataba wa 1904, walisema, ni mapatano ya halali kama mapatano mengine yo yote, na mwenye kuyavunja ajibu. Mkataba wa 1911 hauwafungi watu wa Laikipia, kwa sababu waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kutoa ardhi ya watu wote. Hapo ndipo maana ya cheo cha olaiguenani ilipogusa sheria. Tena walidai fidia ya mifugo iliyopotea na kufa katika uhamisho.

Wakati shauri likiwa mbele ya mahakama, mwezi Juni 1912, uhamisho ulianzishwa tena. Mwezi uliofuata Girouard akajiuzulu, baada ya kudhihirika kwamba walowezi walikwisha kuahidiwa mashamba Laikipia hali London ilikuwa imehakikishiwa kinyume. Gavana akaenda, mpango wake ukabaki. Askari waliokuwa wakisindikiza mifugo hawakuambiwa kwamba kuna kesi. Hata kama wangaliambiwa, amri ilikuwa mkononi. Kufikia majira ya masika ya mwaka 1913 watu wapatao 10,000, ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo wapatao milioni moja walikuwa wamekwisha kushushwa kusini. Jaji alipoketi kusoma hukumu mwezi Mei, Laikipia ilikuwa tupu.

Jaji huyo alikuwa Robert William Hamilton, Jaji Mkuu wa Himaya tangu mwaka 1905. Ye yote atakayeisoma hukumu yake kwa matumaini ya kujua kama Wamasai walitendewa haki atavunjika moyo, kwa maana hakuligusa swali hilo. Swali alilojiuliza lilitangulia hilo: je, mahakama hii inayo ruhusa ya kusikiliza jambo lenyewe? Akajibu kwamba haina. Himaya, alieleza, ni nchi ya kigeni ambayo Mfalme anaitawala pasipo kuwa mali yake. Wenyeji wake si raia wa Mfalme, ni wageni walio chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo mikataba ya 1904 na 1911 si mapatano ya kawaida baina ya Serikali na watu wake. Ni mikataba baina ya dola na dola. Mambo ya namna hiyo, sheria ya Kiingereza huyaita matendo ya dola, na mahakama za nchi haziwezi kuyapima, sawasawa na vile haziwezi kumhukumu Mfalme kwa kutangaza vita.

Ng'ombe waliokufa nao wakaingizwa humo humo. Kwa kuwa uhamisho ulikuwa utekelezaji wa mkataba, hasara iliyotokana nao ikawa sehemu ya tendo la dola.

Rufani ilipelekwa katika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na Desemba 1913 ikatupwa. Miongoni mwa majaji alikuwamo William Morris Carter, Jaji Mkuu wa Uganda, yule aliyekuwa akiamua mashauri ya watu wetu kutoka upande huu wa Malaba. Majaji walitegemea kesi ya Sekgome wa Bechuanaland, iliyoamuliwa London mwaka 1910, ambamo chifu mmoja alizuiliwa kifungoni pasipo kushitakiwa na mahakama ikasema kwamba katika himaya Mfalme anaweza kufanya hivyo. Walikubali kwamba Wamasai walikuwa hawana tena uhuru kamili, ila walisema limesalia kwao baki la utawala, dogo, la kutosha kufunga mkataba na Mfalme.

Tazameni ustadi wa jambo hili, ndugu askari. Wamasai walihesabiwa kuwa dola, kiasi cha kuwanyima mlango wa mahakama; lakini hawakuhesabiwa kuwa dola kiasi cha kuweza kukataa kuhama. Baki lile la utawala lilipatikana siku lilipohitajika dhidi yao, na halikuonekana tena baada ya hapo. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi iliifanya ardhi yote iliyokaliwa na wenyeji kuwa ya Mfalme, na mwaka 1920 Himaya ikageuzwa kuwa Koloni la Kenya. Mwaka uliofuata Mkikuyu aitwaye Isaka Wainaina alipokwenda mahakamani juu ya shamba, Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua kwamba wenyeji ni wapangaji wa Mfalme, nao wakaa kwa hisani yake tu. Basi Mmasai alifukuzwa mahakamani kwa kuwa si raia wa Mfalme, na Mkikuyu, baada ya miaka minane, akashindwa kwa kuwa ni raia wa Mfalme.

Kungalikuwa na ngazi moja zaidi, Baraza la Mfalme London, lakini shauri halikupata kufika huko. Gharama zilikuwa kubwa, na mifugo iliyokuwa ilipe gharama hizo ilikuwa imekwisha kupungua.

Si vigumu kumdharau Hamilton, na wapo waliomdharau. Mimi naona heri tumweleze kwa uadilifu. Kanuni aliyoifuata hakuitunga yeye. Ilitumika India tangu katikati ya karne ya 19, pale mtawala wa Tanjore alipofariki na Waingereza wakatwaa mali yake. Jaji wa mahakama ya chini huitii kanuni iliyowekwa na mahakama iliyo juu yake, kama sisi tunavyotii. Baadaye alistaafu, akachaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Uingereza, na kwa muda mfupi, miaka ya 1931 na 1932, akawa naibu waziri katika wizara ile ile ya makoloni. Lakini lililo muhimu kwetu ni jingine. Hukumu yake haikusema kwamba uhamisho ni halali na wa haki. Ilisema kwamba mahakama haiulizi. Maofisa wa wilaya waliipokea na kuitangaza kana kwamba mahakama imebariki kazi yao. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na askari anayekabidhiwa karatasi ya mahakama ya kuwaondoa watu katika ardhi anapaswa kuisoma mpaka mwisho ajue ni ipi kati ya hizo mbili.

Milango ya namna hiyo haikufungwa na wakoloni peke yao. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, shauri lilitupwa kwa kuwa yeye mwenyewe hakuumizwa zaidi ya watu wengine. Mahakama za 1913 zilisema hazina mamlaka; ya 1921 ikasema mwenyeji hana miliki; ya 1989 ikasema mdai hana jeraha. Katika kila moja ya mashauri hayo swali la ardhi lilibaki nje, mlangoni. Hapa Uganda Katiba ya 1995, ibara ya 237, imesema ardhi ni ya wananchi, na misitu ya hifadhi, maziwa, mito na maeneo oevu Serikali inavishika kwa niaba yao. Ibara ya 50 imempa mtu ye yote ruhusa ya kwenda mahakamani hata kwa jeraha la mwenzake. Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 2010. Na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, huko Arusha, iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa katika msitu wa Mau, milima ile ile ambamo makundi ya Ole Gilisho yalikwama katika mvua.

Yeye aliishi miaka 26 baada ya kushindwa. Alikaa Narok pamoja na watu wake, mzee sasa, rika lake likiwa limekwisha kutua mikuki. Nchi ya kusini ilikuwa kubwa kwa eneo, na katika karatasi Serikali ilijivunia ukubwa huo, lakini mifugo iliyozoea baridi ya Laikipia ilikutana na kupe na maradhi isiyoyajua. Mwaka 1918, katika vita vya kwanza vya dunia, Serikali ilitaka kuwaingiza morani wa Purko katika jeshi la KAR kwa lazima. Wakakataa, na huko Ololulunga askari wa KAR wakawafyatulia risasi. Waliouawa walikuwa morani, na wanawake pia. Waliofyatua walikuwa Waafrika waliovaa sare kama tunavyovaa sisi.

Mwaka 1932 London iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya ili kusikiliza manung'uniko ya wenyeji na kuyamaliza kabisa. Mwenyekiti wake akawa Sir Morris Carter, aliyekuwa ameketi katika rufani ya 1913 na ambaye aliongoza pia kamati ya ardhi ya Uganda. Wamasai walipeleka tena habari za Laikipia mbele ya mtu yule yule. Taarifa ya tume ilitoka mwaka 1934, na Laikipia haikurudi.

Ole Gilisho alifariki mwaka 1939. Hukumu ya rufani imechapishwa katika juzuu la tano la taarifa za mashauri za Himaya, kuanzia ukurasa wa 70, na jina lililo juu yake bado limeandikwa vibaya. Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, Wamasai waliingiza ng'ombe katika mashamba makubwa ya Laikipia, na polisi wakatumwa kuwatoa.